Pongezi kwa Wauguzi wa Nyumba za Wazee

Muuguzi aliyezoea hospitali kuu, ambako mgonjwa huingia leo kwa machela na kesho kutwa akatoka kwa miguu yake, akihamia nyumba ya wazee huko Uingereza, kama walivyofanya baadhi ya wenzetu wa Kenya, hukuta daktari haji ila kwa miadi, na amana yote ya usiku i mikononi mwake. Hapo furaha ya kupona ni nadra. Iliyopo ni kazi ya kumgeuza bibi mkongwe kitandani, mara nyingi kila baada ya saa 2, asipate vidonda, na kutambua, kwa chai aliyoiacha bila kuionja, kwamba maradhi yanabisha hodi. Ilimu hiyo, nasema kwa yakini, si duni hata chembe kuliko ya chumba cha upasuaji. Wenye mamlaka na wawape wauguzi hawa ujira na heshima sawa na wenzao wa hospitali.