Nyota Isiyo na Jina

Shangazi alitaka kuisugua kwa majivu na ndimu. Wajukuu walikuwa njiani, naye alitaka waikute nyota ya babu yao iking'aa. Nilimshika mkono kabla hajaanza. Nishani haisuguliwi, nikamwambia. Weusi ulioingia kwenye mikwaruzo na maandishi ndio umri wake, na mara nyingi pale tunapoona uchafu ndipo ushahidi ulipo. Hakuridhika. Aliikunja tena ndani ya kitambaa, akanikabidhi, na ndimu ikaishia kwenye chai.

Ni nyota ya shaba yenye ncha sita. Katikati ina herufi za Mfalme George wa Sita, zimezungukwa na maneno ya Kiingereza yasemayo kuwa ni nyota ya Burma. Utepe wake umepauka, lakini ukiupeleka dirishani unaona bluu nzito, mstari mwekundu katikati, na michirizi miwili ya rangi ya chungwa. Ukiigeuza nyota yenyewe, nyuma ni tupu.

Kazi yangu ilianzia kwenye utupu huo. Nishani ambazo Waingereza walizitoa baada ya Vita Kuu ya Kwanza zina jina, namba na kikosi cha askari, vimegongwa ukingoni kwa herufi ndogo kiasi kwamba mtu apendaye usafi anaweza kuzifuta zote kwa miaka michache ya majivu na ndimu. Nyota za Vita vya Pili walizitoa bila jina, kwa askari wao na kwa wetu. Ikiwa kwenye kitambaa cha shangazi, nyota hii ni babu. Ikiuzwa kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale bila picha na bila neno la mwenyewe, ni kipande cha shaba kinachofanana na maelfu ya vingine. Ndiyo maana nawaheshimu wakusanyaji wa nishani wanaouliza kwanza jina la mwenyewe na kuliandika kabla ya kutoa pesa, na siwezi kuwaheshimu wanaonunua nyota na kuiacha karatasi yake sakafuni.

Naishi Gisozi, jijini Kigali. Huku bondeni kuna Gakiriro, soko la mafundi ambako misumeno haipumziki tangu asubuhi, na vumbi la mbao hukufuata mpaka nyumbani. Juu kidogo mlimani kuna Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyofunguliwa mwaka 2004, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Niliipeleka nyota Gakiriro kutengenezewa fremu. Fundi aliipima kwa kidole gumba, akauliza: "Mzee, huyu mwenye nyota anaitwa nani? Niandike chini." Nikamwambia aache nafasi. Majina ya babu yalikuwa manne, na sikujua ni lipi alilolitumia jeshini.

Hili la majina watu wa nje hulishangaa, na ndilo lililonila miaka. Sisi Wanyarwanda hatuna desturi ya jina la ukoo. Kila mtoto hupewa jina lake. Ndugu watano wa tumbo moja waweza kuwa na majina matano yasiyofanana, na hakuna hata moja lililo la baba. Babu alikuwa na jina alilopewa kwao, akapata la ubatizo, kisha akaondoka kwa miguu kwenda Buganda kutafuta kibarua cha pamba, kama walivyofanya maelfu ya vijana wa enzi ya Wabelgiji. Kule wengi walijichukulia majina ya Kiganda ili waishi kwa amani kwa mabwana wa mashamba, naye akajichukulia lake. Halafu, siku ya kuandikishwa jeshini kule Jinja, Uganda, akakutana na karani. Karani aliandika alichosikia. R ya Kinyarwanda ikaweza kuwa L, silabi ya mwanzo ikaweza kumezwa, na jina la nne likazaliwa mezani kwa wino. Nimejifunza kuandika kila jina kwa sura zake zote zinazowezekana, na kutafuta sura baada ya sura bila kukasirika. Asiye na subira hii atachoka kwenye ukurasa wa pili.

Na zipo kurasa zisizokuwepo tena. Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliunguza ghala moja la London na kuteketeza zaidi ya nusu ya majalada ya askari wa Uingereza wa Vita vya Kwanza. Kwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, kikwazo ni kingine. Hifadhi ya taifa ya Uingereza, kule Kew, inazo shajara za vita za vikosi. Zile za vikosi vilivyokwenda Burma zimo katika mfululizo unaoitwa WO 172. Zimeandikwa siku kwa siku: tulipolala, mvua iliyonyesha, doria iliyotoka, idadi iliyorudi. Ofisa akijeruhiwa, hutajwa jina. Askari wetu kwa kawaida ni tarakimu. Orodha za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola nazo ni hazina, mtu yeyote anaweza kuzipekua bila malipo, lakini huko wamo waliokufa. Aliyerudi nyumbani akalima mihogo na kuzaa watoto tisa hayumo. Ajabu ya kazi hii ni kwamba aliye hai ndiye hupotea zaidi.

Basi utamsaka kwa vitu vidogo. Tulikuwa na picha moja, ya ukubwa wa kiganja, babu amesimama mbele ya pazia lililochorwa mnazi. Niliitazama miaka mingi nikiuona uso tu. Mzee mmoja aliyewahi kutumikia jeshi alinifundisha kuuacha uso mwisho. Anza kofiani, alisema, halafu begani, halafu kifuani, halafu vifungo, halafu viatu. Kofia ya babu ina ukingo mpana, na juu yake ipo beji ya pembe ya kupuliza. Ndani ya mzunguko wa pembe ile, kwa kioo cha kukuzia, ilionekana tarakimu 4. Begani kuna kiraka chenye kichwa cha kifaru. Kifaru alikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Pembe na nne ni Keya ya nne, kikosi cha Uganda, ambacho ndani ya divisheni hiyo kilikuwa katika Brigedi ya 21 pamoja na Keya ya pili ya Nyasaland na kikosi cha Rodesia ya Kaskazini. Niliweka kioo chini na mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Miaka themanini babu alikuwa ameishika anwani yake kichwani, na sisi tulikuwa tunamsifu kwa uzuri wa uso.

Baada ya hapo nilirudi kwa shangazi, safari hii na daftari. Nilimwomba asinieleze vita, kwa sababu mtu akiombwa kueleza vita husema alichosikia redioni. Nilimwomba anitajie maneno yoyote ya ajabu ambayo baba yake alikuwa akiyatamka. Alifikiri kidogo. "Kolombo," akasema. Halafu, polepole: "Kalewa." Akaniambia kwamba babu akishikwa na homa alikuwa akimwita Kalewa usiku, na kwa miaka mingi bibi aliamini ni mwanamke aliyemwacha huko vitani. Waliwahi kugombana kwa ajili yake.

Kalewa ni mji. Uko kando ya mto Chindwin, magharibi mwa Burma. Divisheni ya 11 ilipelekwa kwanza Ceylon, kisiwa ambacho leo ni Sri Lanka na ambako ndiko Kolombo iliko, ikafanya mazoezi huko, kisha mwaka 1944 ikateremka katika bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika za Asia. Wakati huo majeshi hayakuwa na kawaida ya kupigana katika mvua zile. Magari yalizama topeni mpaka mhimili, chakula kikadondoshwa kwa ndege, malaria na homa ya utitiri zikalaza watu wengi. Desemba 1944 Kalewa ilitwaliwa, na wahandisi wakatandaza juu ya Chindwin daraja la chuma la kuunganishwa lenye urefu wa mita 350 hivi, ambalo lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani kwa siku zile. Nilimsomea shangazi haya yote. Alikaa kimya, kisha akasema angependa mama yake angekuwa hai ayasikie.

Jina lake sijalipata popote. Nimepata siku zake. Najua tarehe ambazo kikosi chake kililala kwenye maji, na kwa mtoto wa mwanawe hilo si jambo dogo.

Husimuliwa kisa cha Mwanza, mwaka 1964, serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee wa Kiafrika waliopigana katika Vita vya Kwanza chini ya kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck. Wazee wengi walikuja bila karatasi yoyote. Inasemekana mlipaji alimpa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na hakuna mzee aliyekosea. Kama ndivyo ilivyokuwa au kimetiwa chumvi, wanaofanya kazi yangu hukipenda, kwa kuwa tunakutana na jambo hilo hilo kila siku: mwili na ulimi hutunza kile ambacho sanduku limepoteza.

Kizazi kilichomtangulia babu hakikuachiwa hata nyota. Vita vya Kwanza vilipofika hapa, Kapteni Max Wintgens wa Ujerumani alikuwa na wapiganaji wa Kinyarwanda walioitwa Indugaruga. Tarehe 6 Mei 1916 jeshi la Wabelgiji likaingia Kigali, na Septemba 19 likawa Tabora. Kila jeshi lililopita liliokota watu njiani wabebe mizigo. Kwa upande wa Waingereza pekee inakadiriwa kuwa wapagazi karibu milioni moja waliandikishwa katika vita vya Afrika Mashariki, na waliokufa wanakaribia 100,000, wengi kwa kuhara, njaa na baridi. Kilichobaki kwao ni majina ya mitaa, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mishahara mingi ya marehemu haikulipwa kamwe, kwa sababu jamaa zao hawakupatikana. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ilikiri wazi kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Umbali kati ya hesabu hizo mbili ni watu 234,000. Karani aliyeandika vizuri angeupunguza.

Siku ya kuchukua fremu nilipanda kwanza mpaka makumbusho, kama nifanyavyo mara kwa mara. Sifananishi mambo mawili. Babu alivaa sare, alibeba bunduki, akarudi na nyota. Waliolala pale waliuawa kwa sababu ya walivyozaliwa. Lakini ndani kuna chumba chenye picha zilizoning'inizwa kwenye waya, zimeletwa na jamaa: harusi, ubatizo, kijana na baiskeli yake, picha za pasipoti. Nje kuna ukuta wa majina ambao haujakamilika. Kwa wengine, familia nzima ziliondoka na hakubaki wa kutaja. Karatasi ya babu ya kuachishwa jeshi, yenye jina na namba, ilikuwa katika sanduku nyumbani kwetu, na nyumba ile haikuvuka mwaka 1994. Nyota ilisalimika kwa kuwa shangazi aliolewa nayo Uganda. Nikisimama mbele ya zile waya naelewa kwa nini kazi hii ya kuuliza jina, jina la baba, kilima alichotoka, siyo burudani ya wastaafu. Hapa Gisozi ndiyo kazi ya mtaa.

Fundi alikuwa ametumia mbao nyekundu, akapiga msasa mpaka ikawa laini kama sabuni. Nilimwomba aongeze kijaluba nyuma ya fremu, na ndani yake nimetia karatasi moja niliyoandika kwa penseli, kwa sababu wino hufifia na kutia madoa. Ina majina yote manne ya babu, jina la baba yake, kilima chake, Jinja, Keya ya nne, Kolombo, Kalewa, na jina la shangazi kama msemaji, pamoja na tarehe aliyosema. Mstari wa namba ya jeshi nimeuacha wazi.

Katika miaka ya karibuni majalada ya zamani ya Keya yameanza kutolewa kwenye maghala ya jeshi la Kenya na kusomwa, na majina mapya yanapatikana. Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma: ikiwa mzee wa kwenu alikuwa Keya ya nne, akaenda Burma, akaacha picha yenye watu wengi waliosimama safu, igeuze leo utazame nyuma. Ikiwa pana majina, yanakili kama yalivyo, usisahihishe tahajia. Ikiwa hakuna, na yupo nyumbani mtu wa kuuliza, mpelekee picha hiyo kabla ya jioni.