Kimulimuli Alipewa Mpinzani Mnyonge

Asilimia 55. Tarakimu hiyo ilivuma Januari 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Namur, Ubelgiji, na wenzao wa Sherbrooke, Kanada, walipoonyesha tabaka la kuvisha LED lililoigwa kutoka magamba ya kimulimuli wa jenasi ya Photuris, lililoongeza mwanga unaotoka kwa kiasi hicho. Tarakimu ni sahihi. Kilichoharibu kazi ni mpinzani waliyemchagua.

Chipu iliyowekwa kuwa kigezo ilikuwa tupu, haikufanyiwa lolote usoni. Wanaofuatilia LED wanajua maana yake. Kipimo cha kupinda mwanga cha gali nitraidi, kiini cha chipu hiyo, ni takriban 2.5, hivyo mwale unaougonga uso laini kwa zaidi ya nyuzi 24 hivi kutoka wima hurudishwa ndani. Kupitia uso mmoja tambarare, takriban asilimia 4 tu ya mwanga huponyoka moja kwa moja. Kuishinda chipu ya namna hiyo ni sawa na timu ya ligi kuu kutamba kwa kuifunga timu ya shule.

Na mpinzani wa kufaa alikuwepo. Mwaka 2004 Fujii, Shuji Nakamura na wenzao wa Santa Barbara, California, waliukwaruza uso wa LED kwa kemikali na mwanga hadi ukaota vijipembe, na mwanga uliotoka ukapanda mara 2 hadi 3. Kweli, nao walijipima na uso laini. Lakini ule ulikuwa mwaka 2004. Kufikia 2013 kukwaruza kulikuwa kazi ya kawaida viwandani. Nakamura, bingwa wa LED ya buluu, hakuhitaji mdudu wa kumpamba.

Kazi yenyewe ya Namur na Sherbrooke haina kasoro: meno ya msumeno ya resini, yaliyochorwa kwa leza kuiga magamba ya kimulimuli, yalifanywa vizuri, na tabaka linaweza kuongezwa juu ya LED iliyokwisha kutengenezwa.

Lakini mdudu akishatajwa, wahariri husahau kuuliza. Gamba la kimulimuli lina kipimo cha kupinda mwanga cha takriban 1.56, mbali sana na 2.5 ya gali nitraidi, kwa hiyo hata ukubwa wa meno ulilazimika kukokotolewa upya. Isitoshe, chipu nyingi za taa za dukani hufunikwa kwa silikoni yenye kipimo cha 1.4 hadi 1.5, na humo meno ya resini hupoteza sehemu kubwa ya makali yaliyokuwa nayo hewani.

Zishindanishwe: chipu ya msumeno na chipu iliyokwaruzwa, umeme uleule, silikoni ileile. Kabla ya hapo, asilimia 55 isitumike kuuzia balbu.