Njiti za Kiberiti Badala ya Peni

Mpe bibi wa miaka 74 wa Machame peni, umwombe anakili pembetano mbili zilizopishana. Mikono yake imeshika jembe na mwiko, imekama ng'ombe, imehesabu chenji sokoni bila kukosea. Peni haijawahi kuihitaji. Saini yake ni dole gumba. Atachora kitu kama mayai mawili yaliyogongana, na muuguzi ataandika sifuri. Sifuri hiyo imepima nini?

Mchoro huo umetoka kwenye kipimo ambacho Marshal Folstein, mkewe Susan na mwenzao Paul McHugh walikichapisha Marekani mwaka 1975. Kina alama 30, kinakwisha kwa dakika kama kumi, na kwa miongo kadhaa ndicho madaktari wengi walichokimbilia walipomshuku mzee kuwa na dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayomla mtu kumbukumbu, lugha na uwezo wa kujiendeshea maisha. Kilibuniwa hospitalini, kwa watu waliopita shule. Kinamtaka mgonjwa atoe saba katika mia, kisha saba tena, na tena, hadi mara tano. Asome agizo na kulitii. Aandike sentensi yake mwenyewe. Ataje yuko ghorofa ya ngapi, hata kama zahanati nzima ni vyumba vitatu vya bati.

Kuna mahali mgonjwa anatakiwa arudie msemo wa Kiingereza uliosheheni viunganishi vifupi vifupi, na ugumu wake wote uko kwenye ulimi. Ukiutafsiri neno kwa neno unapata kitu kama "hakuna kama, wala na, wala lakini", ambacho hakimkwazi mtu ulimi na hakina maana. Kuna pia zoezi la kutaja herufi za neno "dunia" kutoka nyuma. Sisi tulifundishwa kusoma kwa silabi: du-ni-a. Mzee aliyeishia darasa la pili atakujibu a-ni-du. Kwa namna alivyofundishwa amepatia kabisa, ila karatasi inasubiri a-i-n-u-d, na alama zinakwenda. Bibi wa Machame anaweza kupoteza theluthi ya alama kabla hajaulizwa jambo lolote linalohusu ugonjwa.

Miongoni mwa waliolitatua hili mapema kwa utaratibu walikuwa Kathleen Hall na Hugh Hendrie wa Chuo Kikuu cha Indiana. Miaka ya mwanzo ya 1990 walitengeneza kipimo kwa ajili ya wazee wa kabila la Cree huko Manitoba, Kanada, kisha wakakipeleka Ibadan, Nigeria, ili Wayoruba walinganishwe na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Kiliuliza mambo ambayo mtu huyajua kwa kuishi tu: nyundo ni ya kazi gani, daraja ni nini, watu wa mtaa huu hununua dawa wapi. Kisha kikafanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: kilimhoji ndugu anayeishi na mzee. Je, amebadilika? Anasahau alikoweka vitu? Ameacha shughuli aliyokuwa akiimudu? Ndugu anamlinganisha mzee na alivyokuwa mwenyewe miaka ya nyuma, na kwa ulinganisho huo shule haina nafasi. Kwa chombo hicho, matokeo ya mwaka 1995 yaliweza kuwekwa bega kwa bega: asilimia 2.29 ya wazee wa Ibadan wa miaka 65 na zaidi walikuwa na dimenshia, dhidi ya 8.24 kule Indianapolis.

Kipimo hichohicho ndicho kilichoingia wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010. Hai ilikuwa mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu ilikwisha kuzoea kuhesabiwa: tangu miaka ya 1990 kaya zake zilikuwa zikifuatiliwa kwa sensa za afya, na kila kijiji kilikuwa na mtu anayejua nani anaishi wapi na ana umri gani. Watafiti wa Tanzania na wenzao wa kaskazini mwa Uingereza walichagua vijiji 6 na kuwafikia wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Kipimo kiliwaweka 184 kwenye kundi la "yamkini anao ugonjwa" na 104 kwenye kundi la "huenda". Kisha sampuli kutoka kila kundi ikachunguzwa kwa kina na daktari, wakathibitika wagonjwa 78. Baada ya kusawazisha kwa umri, Anna Longdon na wenzake walichapisha mwaka 2013 kiwango cha asilimia 6.4, kinachokaribiana na vya nchi tajiri. Ile dhana kwamba Afrika haina ugonjwa huu, ina wazee waliochoka tu, ilipata pigo.

Lakini chombo cha utafiti si chombo cha zahanati. Mahojiano marefu pamoja na ya ndugu yanafaa kwa utafiti wenye fedha. Tabibu mwenye foleni ya watu hamsini nje ya mlango hawezi. Hapo ndipo kazi ya ufundi ilipoanza. William Gray na wenzake walirudi kwenye maswali yaliyokwisha kujaribiwa na kutafuta kwa takwimu yale machache ambayo, yakiunganishwa, yanawatenga wagonjwa na wazima vizuri karibu sawa na mahojiano yote. Kipimo kilichotoka, kilichochapishwa mwaka 2014 kwa jina la IDEA, kina vipengele 6 na alama 15. Mwenye 7 kushuka chini anahesabiwa kuwa yamkini anao ugonjwa. 8 na 9 ni wa kuangaliwa. 10 na zaidi anaachwa aende.

Vipengele vyenyewe, mtu akivitazama haraka, vinaonekana vya kitoto. Daraja ni nini? Nani mwenyekiti wa kijiji? Leo siku gani? Taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. Kumbuka maneno kumi uliyosomewa muda mfupi uliopita. Na panga njiti za kiberiti zifanane na hizi zangu.

Nianze na njiti, maana zimeziba pengo la peni. Pembetano zilikusudiwa kupima namna ubongo unavyotambua umbo na kuliunda upya, uwezo ambao dimenshia huugusa. Watafiti wa Ibadan na Indiana walionyesha mwaka 2005 kwamba uwezo huo unapimika kwa njiti: mpimaji anapanga umbo, mzee anaiga, naye anaangaliwa kama njiti zimekaa mahali pake na vichwa vimeelekea upande unaotakiwa. Hakuna mwanamke wa Kilimanjaro asiyejua kushika njiti ya kiberiti. Gharama yake haifiki hata ya kunoa penseli.

Swali la wanyama lina mtego unaotokana na Kiswahili chenyewe, na nashangaa haujadiliwi zaidi. Kanuni za kitaalamu za swali hili kwa kawaida humhesabia mtu ndege, samaki na hata mdudu. Kwetu, kuku si mnyama. Papa si mnyama. Mwambie mvuvi wa Kilwa ataje wanyama, atamaliza mbuzi, ng'ombe, punda na paka, kisha ataduwaa, ilhali kichwani ana samaki hamsini kwa majina. Mpimaji asiyeeleza mwanzoni kwamba ndege na samaki wamo anapima maana ya neno "mnyama" badala ya wepesi wa akili kuchota maneno. Mwingine atahangaika kama ng'ombe, ndama na fahali ni watatu au mmoja. Mambo haya yaamuliwe kabla ya saa kuanza kuhesabu, na yawe yaleyale kwa kila mzee.

Daraja nalo lina maana zaidi ya moja: mtoto kapata daraja la pili, mtu ana daraja kubwa serikalini. Hai yenye mito na makorongo, neno hilo halimpotezi mtu. Kwa mwenyekiti wa kijiji, hatari iko upande wa mpimaji: uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika 2019 na tena 2024, na muuguzi aliyehamia juzi anaweza kumnyima mzee alama kwa kutokujua kwake mwenyewe. Siku ya wiki ni salama kuliko tarehe. Mzee wa Lamu au Unguja ukimuuliza mwezi anaweza kukujibu "Mfungo Sita", akawa sahihi kuliko wewe unayetazama kalenda ya ukutani.

Halafu kuna adabu. Kijana akitoa shikamoo kisha akamuuliza mzee leo ni siku gani, mzee ana haki ya kujibu, "Kwani wewe hujui?" Jibu hilo halina kisanduku kwenye fomu. Wapimaji wazuri hutangulia kusema kwamba maswali ni ya kila mtu wa umri huo, mengine mepesi na mengine magumu.

Baada ya yote hayo, kipimo kinabaki kuwa ungo. Tufanye hesabu kwa mfano wangu wa kubuni. Chukua wazee 1,000 na kiwango kile cha asilimia 6.4: wagonjwa ni 64, wazima 936. Tuseme ungo wetu unawanasa wagonjwa 9 katika kila 10 na kuwapitisha wazima 8 katika kila 10, jambo ambalo si baya. Utawanasa wagonjwa 58 na kuwakosa 6. Lakini pia utawashika wazima 187. Waliobaki kwenye ungo ni 245, na walio wagonjwa kweli hawafiki robo. Nalo jopo la Marekani linalotoa miongozo ya uchunguzi wa kinga lilisema mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kushauri ama kukataza kuwapima wazee wote wasio na dalili. Mzee ambaye ndugu zake wameona mabadiliko ni habari nyingine, naye ndiye anayefaa kupimwa.

Kati ya hao walioshikwa bure, baadhi wana shida inayotibika au inayoweza kupunguzwa. Masikio mazito: hakusikia maneno kumi, akaambiwa ameyasahau. Mtoto wa jicho. Sonona baada ya kufiwa, ambayo humfanya mtu ajibu "sijui" kwa kila kitu. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, dawa za usingizi. Na mzee aliyechanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili tatu akiwa na homa asipimwe dimenshia kabisa. Huyo ni wa kutibiwa maambukizi leo hii, akili ipimwe akishapona.

Desemba, barabara ya kwenda Moshi inapojaa magari ya watu wanaorudi nyumbani, ndipo watoto wengi huona kwamba mama amerudia hadithi moja mara nne mezani. Ukimpeleka hospitali, beba miwani yake na dawa zake zote, hata za mitishamba. Na mchukue yule binti anayempikia na kulala naye nyumba moja mwaka mzima. Wewe wa Dar es Salaam utaulizwa mama ameanza kubadilika lini, na jibu analo yeye.