Mkono Ulioshika Tindo

Pale mto Yamuna unapoingia mto Ganga, nchini India, maji hayachanganyiki mara moja. Upande mmoja ni ya kijani, upande wa pili yana rangi ya tope, na mahujaji hukodi mashua ili wakaoge papo hapo yanapogusana. Wahindu husema kuna mto wa tatu, Saraswati, unaofika hapo bila kuonekana. Mji uliokaa kwenye makutano hayo leo unaitwa Prayagraj. Hadi mwaka 2018 uliitwa Allahabad, jina lililotokana na lile alilolitoa Akbar, mfalme wa Wamughali aliyeanza kujenga ngome yake ukingoni mwa mto mwaka 1583. Wengi huujua mji huu kwa umati wa Kumbh Mela, hija kubwa ya Wahindu. Mimi nikiufikiria, naona nguzo iliyo ndani ya ngome ile.

Ni jiwe moja la mchanga, lenye urefu unaozidi mita 10, lililosuguliwa hadi likang'aa kama chombo cha udongo kilichopakwa mafuta. Wanaoisimulia nguzo hiyo huanza na wafalme: Ashoka katika karne ya tatu kabla ya Kristo, Samudragupta katika karne ya nne baada yake, na Jahangir mwaka 1605. Kila mmoja ameacha humo maneno yake, kwa lugha yake na hati yake. Sina ugomvi na masimulizi hayo, ila hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyeshika tindo na nyundo. Nataka kuwasifu walioshika.

Niliwahi kukaa nusu siku nikimtazama fundi wa vibao vya makaburi. Aliandika jina kwa penseli, akalifuta, akaliandika tena, akarudi nyuma hatua tatu kulitazama. Alipoanza kugonga hakusema neno. Nilidhani nguvu ndiyo inayotakiwa. Kumbe pigo lake lilikuwa dogo, la kudonadona, na mkono wa kushoto ulioshika tindo ndio uliofanya kazi ngumu, ukiinamisha chuma kidogo kidogo kila herufi ilipopinda. Kipande kikishabanduka hakirudi. Seremala ana gundi, mshonaji hufumua, mwandishi kama mimi hufuta mstari mzima bila kuacha alama. Yule fundi alikuwa na nafasi moja tu kwa kila pigo.

Sasa mfikirie mwenzake wa zama za Ashoka. Kibao cha kaburi ni bapa. Nguzo ni mviringo. Mstari unaanza mbele ya macho yake, unazunguka, unampotea upande wa nyuma, na lazima uende sambamba na ule wa juu yake. Hati yake ilikuwa Brahmi, na sijui hati nyingine iliyo tulivu kuliko hiyo: *ka* ni msalaba mdogo, *ga* ni kama paa la kibanda, *tha* ni duara lenye nukta katikati. Hakuna mapambo ya kufichia kosa. Duara likienda upande, limekwenda upande kwa miaka 2,200. Nikitazama nakala za maandishi hayo zilizochukuliwa kwa karatasi, naona mistari iliyonyooka na herufi zilizoachiana nafasi ya kupumua, na nasadiki kwamba mtu yule aliipenda kazi yake.

Mfalme mwenyewe hakuwa mwepesi wa kumshukuru. Katika amri ya kumi na nne kati ya zile zilizochongwa kwenye majabali sehemu nyingine za nchi, Ashoka anaeleza kwa nini huenda mahali fulani maneno yake hayakukamilika, na mojawapo ya sababu anazotaja ni kosa la *lipikara*, yaani mwandishi. Basi mwandishi ametajwa, lakini kwa lawama. Ndiyo maana nampenda sana Chapada. Huyu alikuwa mwandishi aliyefanya kazi kusini, Brahmagiri na maeneo ya jirani katika jimbo la Karnataka, na alipofika mwisho wa amri ya mfalme aliongeza jina lake. Tena neno linaloeleza kazi yake aliliandika kwa Kharoshthi, hati ya mbali kabisa ya kaskazini-magharibi, inayokwenda kutoka kulia kwenda kushoto. Wenyeji wangapi wa pale waliweza kuisoma? Nadhani aliiandika kwa sababu mkono wake uliijua.

Kwenye nguzo ya Prayagraj hakuna Chapada. Zipo amri sita za Ashoka, zilizotolewa miaka zaidi ya ishirini baada ya kutawazwa kwake, pamoja na waraka kwa maofisa wake wa Kosambi, mji wa kale ulio juu zaidi kwenye Yamuna. Kwa ajili hiyo wataalamu wengi huamini kwamba nguzo yenyewe ilisimama huko kwanza. Amri ya tano inataja viumbe wasiopaswa kuuawa: kasuku, popo, kobe, nungunungu, kindi, na mmoja ambaye jina lake lina neno Ganga ndani yake. Napenda kufikiri kwamba fundi alipofika kwa kasuku alitabasamu. Kuchonga wanyama hao jina kwa jina, kwa pigo dogo dogo, ni kukaa na kila mmoja wao kwa muda ambao hata mfalme aliyewataja hakukaa nao.

Miaka kama mia sita ikapita, akaja mtu wa Samudragupta. Utenzi wa kumsifu mfalme huyo, mchanganyiko wa mashairi na nathari kwa Kisanskriti, ulitungwa na Harishena, ofisa mkubwa wa dola, ambaye jina na vyeo vyake vimo jiweni. Mwishoni ametajwa pia Tilabhattaka, aliyesimamia utekelezaji. Mtunzi yupo, msimamizi yupo. Aliyetoa jasho hayupo. Lakini tazama alichokifanya: alitafuta nafasi chini ya maneno ya zamani, akayaacha yalivyokuwa. Huenda hakuweza tena kuyasoma, kwa kuwa herufi zilikuwa zimebadilika mno. Naiona adabu ya fundi kwa fundi hapo, na hakuna atakayenitoa katika imani hiyo.

Mwaka 1605 adabu hiyo haikuwepo. Jahangir alikuwa amekaa mjini hapa kama mwanamfalme aliyemwasi baba yake, Akbar, na alipopata ufalme aliagiza nasaba yake iandikwe kwenye nguzo kwa Kiajemi. Aliyeiandika ni Mir Abdullah, maarufu kwa lakabu ya Mushkin Qalam, ambayo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa sana: mtu wa kalamu ya miski. Alikuwa bingwa kweli. Mwandiko wake umo pia katika bustani ya Khusro Bagh, kwenye kaburi la Shah Begum, mke wa Jahangir, na herufi zake zinateremka kama maji yanayotafuta njia. Sitaki kumpunguzia sifa hata chembe.

Lakini nasaba ile ilipita juu ya Ashoka. Iliharibu sehemu kubwa ya amri ya tatu na ya nne, na tunajua zilisema nini kwa sababu tu zimesalia kwenye nguzo za mahali pengine. Katika amri ya nne Ashoka anaagiza kwamba waliohukumiwa kufa wapewe siku tatu, ili jamaa zao wapate kuwaombea au wao wenyewe wajiandae kwa safari. Mwaka uliofuata, 1606, Khusrau, mwana wa Jahangir na Shah Begum, alimwasi baba yake. Wafuasi wake waliuawa kwa kutundikwa kwenye vigingi, naye akatiwa upofu. Alikufa mwaka 1622, na amezikwa karibu na mama yake katika bustani hiyo hiyo. Kila nikifika hapo katika historia hii, huwaza zile siku tatu zilizobanduliwa jiweni, na chuma kilichozibandua kilikuwa cha aina ile ile iliyoziandika.

Kati ya maandishi haya makubwa yamejaa madogo, ya watu waliopita. Birbal, waziri mashuhuri wa Akbar, aliandikiwa humo hija yake ya mwezi wa Kihindu wa Magh mwaka 1575 au karibu na hapo. Wapo wengine wengi, wa karne mbalimbali, wenye mkono mzuri na mbaya.

Hati ya Ashoka ilisahaulika kabisa, hadi James Prinsep, Mwingereza aliyefanya kazi katika kiwanda cha sarafu Calcutta, alipoisoma mwaka 1837. Nakala za nguzo hii zilikuwa miongoni mwa alizozihangaikia, lakini ufunguo aliupata kwenye stupa ya Kibuddha ya Sanchi, katika maandishi mafupi mafupi yaliyoishia kwa herufi zile zile. Alikisia kwamba neno lile ni *danam*, zawadi: watu waliotoa mawe ya ujenzi walikuwa wameandikiwa majina yao na kile walichotoa.

Na zawadi iko pia kwenye nguzo ya Prayagraj, katika maandishi mafupi ambayo hayapo kwenye nguzo nyingine yoyote ya Ashoka. Yanahusu malkia wa pili, Kaluvaki, mama yake Tivala. Mfalme anawaagiza maofisa wake kwamba chochote alichokitoa malkia huyo, kiwe shamba la miembe, bustani au nyumba ya sadaka, kihesabiwe kwa jina lake yeye mtoaji. Miembe ile imekwisha oza zamani. Fundi aliichonga vizuri, herufi kwa herufi, akalichonga jina la Kaluvaki na la mwanawe, kisha akakusanya vyombo vyake.