Kwihara si Tabora, Bwana Mhariri

Kitabu cha ukoo kilichosomwa Kitete mmekishika mkononi, na wengi mmesifia jalada. Mimi nimekwamia ule mstari wa mwaka 1288 wa Hijria. Hati ya babu, kwa herufi za Kiarabu, inasema aliwaacha wake zake na pembe zake za ndovu Kwihara. Kitabu kinasema Tabora. Hakuna tanbihi wala mabano, hata alama ya kuuliza hakuna. Ni uamuzi mbovu, na hapakuwa na aliyemlazimisha mhariri wa kitabu kuufanya.

Hebu tuuangalie vizuri. Mwaka huo ndio 1871 ya vita vya mtemi Mirambo na Waarabu. Agosti watu wake waliingia Tabora, mfanyabiashara Mwarabu Khamis bin Abdallah akauawa, nyumba zikateketezwa. Kwihara, kilomita chache tu kutoka hapo, ilisalimika. Stanley, mwandishi aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikuwa hukohuko Kwihara, akitoboa kuta za tembe apate matundu ya kupitishia bunduki, huku moshi wa Tabora akiuona kwa macho. Kwa neno moja, mhariri amewatoa bibi zetu mahali pa salama akawatia motoni. Kisha, kwa kuwa mali ya babu ilionekana baadaye ikiwa nzima, sura inayofuata imelazimika kumleta mpagazi mwaminifu aliyezifukia pembe usiku. Nimeitafuta hati yote, mpagazi huyo hayumo. Hakuhitajika. Pembe zilikuwa Kwihara.

Utetezi wa dibaji ni kwamba msomaji wa leo haijui Kwihara. Haijui vipi? Tembe la Livingstone liko pale; ndipo mzee huyo alipokaa akingoja wapagazi hadi Agosti 1872.

Ugonjwa huu wa kubadili majina ni wa zamani, na najua nimewachosha nao. Wavumbuzi Burton na Speke walifika 1857, wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir, wakaandika kwamba wamefika Kazeh. Akaja Stanley, akatangaza kwamba hakuna mahali panapojulikana kwa jina hilo. Tangu hapo kila anayeshika kalamu anajiona ana ruhusa ya kufuta jina asilolikuta.

Sikatai kila marekebisho. Kusoma Kibalabala kuwa Kipalapala, kwa kuwa herufi za Kiarabu hazina p, ni kazi safi. Uyowa kuachwa Uyowa katika miaka ya kabla Mirambo hajaizalisha Urambo, safi pia.

Lakini kubadili mahali ni jambo jingine. Whiteley, alipotoa Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mwishoni mwa miaka ya 1950, aliweka Kiswahili upande huu na Kiingereza upande ule. Ituru ya baba yake Tippu Tip ikabaki Ituru, ingawa iko jirani kabisa na Tabora na ingemezwa bila mtu kustuka. Hapa kwetu safu tatu zingetosha: ilivyoandikwa, panavyoitwa leo, na sababu ya kuoanisha.

Na Unyanyembe je? Ule ulikuwa utemi mzima, wa Fundikira na baadaye wa Isike. Aliyeandikiwa kuzaliwa Unyanyembe huenda alizaliwa Kwihara, huenda Ituru, huenda kijiji kilichoitwa kwa jina la mkubwa wake na jina likaondoka naye. Jedwali la vizazi limewapanga wote mahali pamoja, Tabora. Mwaka 1893, Isike anakufa bomani mwake mbele ya Wajerumani, na kwa mujibu wa kitabu hiki kuna mtoto wetu anazaliwa Manispaa ya Tabora.