Uliifunika Saa Ngapi?

Hapa Nyakarenzo, wilayani Rusizi, laptopu iliyopoteza saa ni hasara ya papo hapo. Tarehe ikiwa si sahihi, kivinjari hukataa kufungua tovuti salama, na mtu aliyekuja kuombewa hati kwenye Irembo, tovuti ya huduma za serikali, anabaki amekaa benchini.

Fundi anayeijua kazi yake haanzi na bisibisi. Anaanza na swali: "Mwalimu, uliifunika saa ngapi jana?"

Laptopu ikilala, saa ya mfumo husimama. Inayokesha ni saa nyingine ndogo kwenye ubao wa ndani, inayoendeshwa na kipande cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikubahatishwa: igawe kwa mbili mara 15, utabaki na moja, yaani sekunde yenyewe. Mashine ikiamka huisoma saa hiyo ili ijue imelala muda gani. Basi mwalimu akijibu "saa tatu usiku", na laptopu asubuhi hii inaonyesha saa tatu na dakika mbili usiku, fundi ameshajua kwamba usingizi haukuhesabiwa. Kwenye Linux anaandika hwclock, amri inayosoma saa hiyo ndogo, anasubiri kidogo, anaandika tena. Sekunde zikisogea, saa ndogo ni nzima, tatizo liko kwenye kuamka. Zikiganda, au tarehe ikiwa imerudi miaka nyuma, ndipo anafungua, anatoa kibetri cha CR2032 kinachoilisha saa hiyo na kukipima. Kipya hutoa volti 3.

Kosa la saa kamili, bila dakika za ziada, ni habari nyingine kabisa, na betri haiguswi. Imechelewa saa moja? Huenda mwenyewe amevuka kutoka Bukavu na alichagua majira ya Kinshasa. Imetangulia saa moja? Tazama kama imewekwa majira ya Dar au Nairobi. Tofauti ya saa mbili kamili ni Windows na Linux zinazogombania mashine moja: moja huandika saa ya Rwanda, nyingine ile ya dunia, UTC.

Kusahihisha nako kuna adabu yake. David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, aliyebuni NTP, itifaki ya kuoanisha saa za kompyuta kupitia mtandao, miaka ya 1980 na kufariki 2024, hakupenda saa irukeruke. Programu ya ntpd, inayoitumia NTP hiyo, tofauti ikiwa chini ya milisekunde 128, huimeza polepole kwa kubadili mwendo kwa sehemu 500 tu katika milioni. Milisekunde 100 huchukua zaidi ya dakika tatu. Tofauti ikizidi sekunde 1,000, hujiondoa na kumwachia binadamu. Napenda chombo kinachojua pa kuishia.

Kwa hiyo ukimpelekea fundi laptopu ya namna hii, usiirekebishe saa njiani. Mwachie kosa lilivyo, na ukumbuke uliifunika saa ngapi.