Kazimoto Haamini, Riwaya Inaamini: Mungu, Adhabu na Mtoto Mgonjwa katika Kichwamaji

Kila mara riwaya ya Kichwamaji (1974) inapoguswa katika semina zetu, Kazimoto huhukumiwa kabla ushahidi haujasikilizwa. Eti ni msomi aliyepotea. Eti elimu ya kigeni ilimng'oa katika jamii yake, akaacha kumwamini Mungu, na ndiyo maana akaishia kujiua. Nimeisikia kauli hii tangu mwaka wa kwanza. Mimi mwenyewe niliiandika katika karatasi ya mtihani, na alama nilizopata hazikuwa mbaya. Lengo la makala haya ni kuifuta kauli hiyo, kwanza kwenye karatasi yangu mwenyewe, kisha, ikiwezekana, kwenye karatasi za wenzangu.

Ni vizuri niseme mapema nimesimama wapi, kwa sababu mhakiki anayeficha msimamo wake humfanya msomaji autafute badala ya kuisoma hoja. Mimi simwamini Mungu. Sikufikia hapo kwa kusoma Kezilahabi, wala Nietzsche, wala mzungu yeyote. Nilifikia hapo kwa sababu za nyumbani kwetu, nami nitazieleza kwa kadiri zinavyohusiana na riwaya hii. Asiyependa habari za nyumbani katika uhakiki anaweza kuruka aya chache.

Tuanze na kazi yenyewe. Kichwamaji inasimuliwa na Kazimoto kwa nafsi ya kwanza. Ni kijana wa chuo kikuu, mwenye maswali mengi na majibu machache. Rafiki yake wa zamani, Manase, amesoma na kupata cheo serikalini. Manase anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Rukia anafariki, na mama naye hakawii kumfuata. Kazimoto anataka kulipiza kisasi kwa kumharibia maisha Sabina, dada yake Manase, lakini anajikuta amempenda na kumwoa. Manase na mkewe wanapata mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi. Baadaye ndoa ya Kazimoto na Sabina nayo inapatwa na msiba wa namna hiyo hiyo, na Kazimoto anajiua.

Katikati ya mambo hayo Kazimoto anaitilia shaka imani ya Mungu waziwazi, mbele ya watu. Hapo ndipo wahakiki wetu huchomoa neno "udhanaishi", wakamtaja Camus na Sartre, wakafunga jalada. Sina ugomvi na neno hilo. Ugomvi wangu ni jinsi linavyotumika kama cheti cha daktari: ukishajua jina la ugonjwa, huna haja tena ya kumsikiliza mgonjwa. Mhusika anayeamini akitoa sababu zake tunaziita "dhamira". Asiyeamini akitoa zake tunaziita "athari za elimu ya Kimagharibi". Jamani, huo ni usawa gani? Wamisionari wa Church Missionary Society walifika Ukerewe mwaka 1877, na kisiwani huko ndiko alikozaliwa Kezilahabi mwaka 1944. Kama asili ya wazo ndiyo kipimo cha ukweli wake, basi imani hiyo nayo ilishuka ufukweni kutoka kwenye chombo cha wageni, wala hatuiiti kupotea. Mtu hawezi kuitumia hoja ya ugeni upande mmoja tu.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Tunakichukua kifo cha Kazimoto kama jibu la hoja zake: alikana, akafa, kwa hiyo alikosea. Lakini kifo hakijibu hoja. Mtu anaweza kujiua huku akiwa amesema kweli, na anaweza kuishi miaka 90 kwa raha mustarehe huku akiamini uongo. Tukitaka kumpinga Kazimoto, hatuna budi kumpinga kwa maneno. Kumwonyesha kaburi lake hakutoshi.

Sasa niseme ya nyumbani. Mdogo wangu wa kike alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, au siko seli kama tulivyozoea kuuita. Mwenye kuujua anajua: maumivu ya mifupa yanayokuja usiku, macho ya njano, kuongezewa damu, homa ndogo inayowafanya watu wazima wakimbie. Kwetu tulikuwa watu wa sala. Walikuja watu wa maombi, watu wema, nasema kwa dhati, wakafunga na kukesha pamoja nasi. Lakini kila baada ya maombi lilikuja swali lile lile, likiulizwa kwa upole: ndani ya nyumba hii kuna nini? Nani ana jambo ambalo hajalitubu? Mama alitubu. Alipomaliza dhambi zake alitubu za bibi yake, ambaye hakuwahi kumwona. Mimi nilikuwa na miaka 11, nami nilikuwa na dhambi yangu: niliwahi kuiba shilingi 200 kwenye mkoba wake. Kwa miezi kadhaa niliamini kwamba mdogo wangu analia usiku kwa ajili ya shilingi 200.

Siku moja, kliniki, muuguzi alichukua kipande cha boksi la dawa akachora mraba, akaugawa vyumba vinne. Akamwambia mama: wewe unabeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huu na baba watoto anabeba kimoja, ila nyinyi wenyewe si wagonjwa. Kwa kila mimba, chumba kimoja kati ya vinne ni mtoto mgonjwa, viwili ni mtoto anayebeba kama nyinyi, kimoja ni mtoto asiye na kitu. Akaeleza pia kwamba anayebeba kinasaba kimoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana kinaonekana sana katika sehemu kama zetu ambazo malaria imekuwapo kwa vizazi vingi. Mama akauliza, "Kwa hiyo hakuna aliyekosea?" Muuguzi akasema, "Hakuna, mama."

Sikuacha kuamini siku ile. Lakini nikiulizwa leo imani yangu ilianza kutoka wapi, naonyesha mraba ule. Watu hudhani asiyeamini ana hasira na Mungu. Mimi sikusikia hasira. Nilisikia kama mtu aliyetolewa rumande baada ya kuambiwa kwamba hata kesi yenyewe haikuwapo. Mdogo wangu alifariki akiwa na miaka 9. Msibani tuliambiwa, kama ilivyo desturi, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nilitazama nikaona kwamba maneno hayo yanamfariji mama, sikuyapinga. Ila kwangu mimi, afadhali kazi isiyo ya mtu yeyote kuliko kazi isiyo na makosa inayomliza mtoto usiku.

Najua jibu lililopo. Mwenzangu mmoja aliniambia, "Na huo mraba nani aliuchora, kama si Mungu?" Inawezekana. Mraba hauthibitishi kwamba Mungu hayupo, na sitaki kuubebesha mzigo usio wake. Nasema tu kwamba Mungu niliyefundishwa mimi alikuwa hakimu, na baada ya mraba ule hakimu hakuwa na kazi nyumbani kwetu. Aliyebaki, kama yupo, simfahamu, nami siwezi kumwamini nisiyemfahamu kwa sababu tu nimezoea jina lake.

Turudi kwenye Kichwamaji, maana hapa ndipo nina deni na Kezilahabi, na ndipo pia nina malalamiko. Niliposoma habari za mtoto mwenye kichwa kikubwa, nilifunga kitabu. Mtoto huyu katika riwaya ana sababu ya kitabibu: ugonjwa walioupata wazazi wake wa kiume kwa maisha yao ya ovyo na wanawake. Hadi hapo tuko kwenye mraba wa muuguzi. Lakini angalia mtoto huyo anafanya kazi gani katika muundo wa hadithi. Anakuja kwa Manase, aliyemharibu Rukia. Kisha anakuja kwa Kazimoto, aliyetaka kumharibu Sabina. Haendi kwa mtu mwingine. Mtoto anatumwa kama hati ya mahakama, na kila hati inamfikia mwenyewe. Baba alitenda, mtoto akalipa, jamii ikaona na kujifunza. Hii ndiyo sheria ile ile ya watu wa maombi nyumbani kwetu: ndani ya nyumba hii kuna nini?

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: Kazimoto haamini, lakini riwaya inaamini. Mhusika anamwondoa Mungu kwa mdomo, na msuko unamrudisha kwa mlango wa nyuma, akiwa amevaa koti la daktari. Wanaosema kwamba Kichwamaji ni riwaya ya ukafiri wamesikiliza mazungumzo ya wahusika, hawakutazama matukio yanavyogawiwa. Mungu wa riwaya hii hana jina, lakini hesabu zake hazikosei hata senti.

Jambo hili si geni kwa mwandishi. Katika Rosa Mistika (1971) mahakama haikufichwa kabisa: riwaya inamalizikia mbinguni, Rosa na wazazi wake wakiwa mbele ya Mungu, lawama zikirushwa baina ya binti na baba aliyemlea kwa fimbo. Hata jina la kitabu ni jina analoitwa Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki. Kezilahabi alisoma seminari, naye aliijua nguvu ya kesi inayosikilizwa baada ya kifo. Tofauti ni kwamba katika Rosa Mistika kesi inamsaidia msomaji: Rosa, aliyenyamazishwa duniani, anapata angalau mahali pa kusema. Miaka mitatu baadaye mwandishi aliiondoa mahakama, lakini hukumu aliiacha. Kwangu mimi hilo ni baya zaidi, kwa sababu mtoto aliyeadhibiwa bila mahakama hana hata pa kukata rufaa.

Mtu atasema nadai mno, kwamba riwaya yoyote hugawa matokeo kulingana na matendo. Sivyo. Katika La Peste (1947) ya Albert Camus kuna padri, Paneloux, anayehubiri kwamba tauni ni adhabu ya watu wa mji. Kisha mtoto anakufa kwa maumivu makali mbele yake na mbele ya daktari Rieux, na daktari anamwambia kwa ukali kwamba yule angalau hakuwa na hatia. Baada ya hapo padri hawezi tena kuhubiri kama mwanzo. Mtoto yule hatumwi kwa mtu yeyote, na kwa sababu hiyo kifo chake kinauma. Wahakiki wetu hupenda kumfananisha Kezilahabi na Camus. Katika jambo hili moja wametofautiana sana, na tofauti hiyo inastahili kuandikwa.

Sitaki nionekane namtetea Kazimoto kwa kila kitu kwa sababu tu tuko safu moja. Kosa lake lipo, ila si lile analoshtakiwa. Kazimoto alipomwondoa hakimu mbinguni, alijiteua yeye mwenyewe kushika nafasi. Alimhukumu Manase, na adhabu akapanga kuitoa kwa Sabina, ambaye hakuwa na kosa lolote. Huko si kutoamini. Huko ni kuamini adhabu bila kumwamini mwadhibu. Angalia pia nani wanaolipa: Rukia, mama, Sabina, Salima mke wa Manase. Wanaume wanajadili kama Mungu yupo, wanawake wanazika na kuzikwa. Mhakiki anayetaka kumkosoa Kazimoto aanzie hapo, aache kumwombea.

Nadhani Kezilahabi mwenyewe aliliona tatizo hili. Alipoandika Nagona (1990) na Mzingile (1991) aliachana na msuko wa tenda-ulipwe. Katika Mzingile msimulizi anasafiri kwenda kumpa mzee fulani habari za kifo cha mwanawe, na wahakiki wengi humwona Mungu katika mzee huyo. Hapo Mungu anapelekewa taarifa ya msiba badala ya kupelekewa mashtaka. Sidai kwamba mwandishi, aliyefariki Januari 2020, aliishia kuamini au kutoamini. Hilo lilikuwa lake. Nasema kazi zake zilisafiri kutoka kwenye hukumu kwenda kwenye swali, na Kichwamaji iko katikati ya njia, mguu mmoja huku na mmoja kule.

Wenzangu wanaoamini wana haki ya kunipinga, na jarida hili lina kurasa. Naomba tu wasinijibu kwa kuuliza nilikosewa na nani, wala kunikumbusha alivyokufa Kazimoto. Mama bado anasali kila jioni, na jina la mdogo wangu bado limo katika sala. Nikiwa likizo nakaa naye hadi amalize. Hajaniuliza kwa nini siitikii "amina", nami sijamweleza. Ila shilingi 200 nimekwisha kumwambia. Alicheka sana, kisha akanyamaza, akasema kumbe na mimi nilikuwa nahesabu.